Kopo la Vidonge Juu ya Dekoda

Msimu mzima wa mvua niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa diploma yangu ya shule ya jioni, kwamba vidonge vya kujikinga na ukimwi vinafanya kazi kwa setilaiti. Serikali fulani ya mbali inalipa kila mwezi, mitambo iliyo angani inavipelekea nguvu vidonge vyote vilivyo duniani, na siku serikali hiyo ikiacha kulipa, vyote vinazimika kwa dakika moja, hata kile ambacho mtu amekwisha kukimeza na bado kiko kooni. Hicho cha kooni nilikiongeza mimi. Mengine yote niliyapokea kama yalivyofika Mubi, mji wetu wa wachimbaji, mdomoni mwa muuza vocha za simu, ambaye aliyasikia kwa dereva wa lori, ambaye aliyasikia Kisangani. Na wewe unajua barabara ile. Jambo likitoka Kisangani na kufika kwetu bila kuzama kwenye tope, lazima liwe jambo lenye nguvu.

Usinicheke kabla hujajua kazi niliyokuwa nafanya. Mimi nilikuwa mtu wa dekoda. Tajiri wangu, mzee aliyetoka Butembo ambaye sote tulimwita Papa, alikuwa na duka kwenye barabara kubwa ya Mubi: chumvi, sardini, mabuti ya mpira, tochi za wachimbaji. Nyuma ya duka alijenga ukumbi wa video, mbao za kukalia, bati juu, televisheni mbele, na antena ya sahani iliyotazama mbinguni kama mtu anayeomba mvua isinyeshe. Ukumbi ulitosha watu arobaini. Siku ya mpira waliingia elfu moja na wengine walining'inia kwenye boriti kama popo. Kazi yangu ilikuwa kugeuza sahani, kupokea viingilio, na kutuliza watu picha ikikatika.

Maana ilikatika. Papa alilipa abonema, yaani malipo ya mwezi, Jumapili baada ya misa, kama padri hakuhubiri sana akamsahaulisha. Nimeona kwa macho yangu mshambuliaji ameinua mguu, kipa amelala upande usio wake, wavu uko wazi kama mlango wa kanisa, halafu kioo cheusi, na maandishi meupe yanasema malipo yamekwisha. Watu elfu moja wakanigeukia. Mpaka leo sijui kama mguu ule ulishuka.

Kwa hiyo niliposikia kwamba nchi ya mbali imekata pesa za dawa, sikuhitaji mtu wa kunifafanulia maana ya kukata.

Na isingekuwa dada yangu, ningeichukua habari ile kama habari nyingine za barabarani, niiongezee chumvi na kuipitisha. Lakini dada yangu alikuwa anakunywa vidonge vile.

Sisi ni watu wa Masisi, wa milimani, wa maharagwe na mihogo. Vita vilipotufukuza, mimi nilishuka kwenye msitu wa Walikale kutafuta kazi, yeye alibaki kambini Kashuga, chini ya hema la plastiki. Huko alizika mtoto wake wa pekee, na mume wake wa kwanza alitoka siku moja kutafuta chakula asirudi. Baadaye akanifuata Mubi kwa miguu. Hakubeba kitu isipokuwa sufuria na gunia dogo la mbegu za maharagwe.

Gunia hilo lazima nikueleze. Kwetu, mbegu zinachanganywa na majivu ili wadudu wasizile, na hakuna anayezipika, hata njaa iwe ya namna gani. Mkono wa mtu hauingii mle mpaka siku ya kupanda. Ndiyo sababu kitu chochote usichotaka kipotee unakificha humo: ufunguo, hereni, kadi ya ubatizo. Nimeona wezi wa kwetu wakiiba mbuzi, wakiiba mlango, siku moja waliiba hata choo cha mbao, lakini gunia la mbegu walilikwepa kama wanavyomkwepa padri.

Mubi dada alianza kupika maharagwe na sombe ya majani ya mihogo pale malori yanapolala. Alikuja kuolewa na mwanamume aliyebeba mizigo kwa pikipiki kupeleka machimboni, mtu mpole, mwenye sauti ndogo kuliko pikipiki yake. Shemeji huyo, kabla hajatuma neno lolote kwa familia, alimwambia dada kwamba anaishi na virusi na kwamba anakunywa dawa yake kila siku.  Kesho yake dada alikwenda kituo cha afya peke yake, akakaa huko asubuhi yote, akarudi na jibu lake: yeye naye atakunywa vidonge vyake, vya kuzuia virusi visimwingie, na ndoa itakuwa.

Na ikawa. Kila jioni sufuria ikiteremshwa motoni, shemeji alimeza dawa yake, dada alimeza yake, kwa kikombe kimoja cha maji. Nilikuwepo kila jioni, kwa ajili ya mapenzi ya kindugu na kwa ajili ya maharagwe.

Walitaka mtoto. Dada hakusema mara nyingi, ila alipoona mtoto wa mtu mgongoni, alinyoosha mkono akarekebisha kitambaa, hata kama kitambaa hakikuwa na kosa. Muuguzi wa kituo aliwaambia inawezekana. Alisema kawaida wangepima wingi wa virusi kwenye damu ya mume, na kama dawa imevilaza kabisa, hofu inakwisha. Lakini damu ilipaswa kwenda Goma, na barabara ya Goma ilikuwa vita. Kichupa kilikwenda, jibu halikurudi. Basi wategemee vidonge vya mke, kila jioni, bila kuruka hata moja. Na kwa kuwa milio ya silaha ilikuwa inasogea, akampa dada makopo ya miezi kadhaa mara moja. Dada akayazika kwenye gunia la mbegu.

Ni katika safari iliyofuata ya kituoni ndipo aliporudi mikono mitupu.

"Alisema nini?" nilimwuliza.

"Alisema ule mradi wenye ulikuwa unalipa, wameusimamisha. Ya wagonjwa ingali kidogo. Ya kujikinga, wanapewa wenye mimba na wenye wananyonyesha tu. Nirudie kama niko na mimba."

Shemeji alikuwa anafuta mnyororo wa pikipiki. Aliacha kufuta. "Na hiyo mimba, unaipata namna gani bila dawa?"

"Njo nilimuuliza vile. Akaangalia chini."

"Ni sawa waniambie nitapewa kofia ya pikipiki nyuma ya kuanguka."

"Usimsemee mubaya," dada alisema. "Hata yeye hawamulipi. Alisema ile maneno sawa vile ni yeye wamekatalia."

Sijui kama walioandika agizo lile walikuwa na dada. Nadhani walikuwa na meza nzuri na saa ya kwenda nyumbani. Dada alibaki na makopo ya gunia, hayo tu. Kama mtoto alikuwa wa kuja, ilikuwa katika miezi ile, kabla vidonge havijaisha. Baada ya hapo angechagua: kukaa mbali na mume wake, au kukaa naye na kungoja ugonjwa.

Ndipo muuza vocha alipoingia dukani na habari yake ya Kisangani.

"Hata zile batu wako nazo nyumbani zimekatika," alisema, ameegemea magunia ya chumvi. "Zote. Saa moja tu."

Papa alikuwa anapanga sardini. "Kidonge kinakatika namna gani? Kiko na waya?"

"Mi sijue, Papa. Njo wanasema."

Hapo niliona kila kitu. Niliona kama vile ukuta wa duka umefunguka nikaona mbingu na mitambo yake yote. "Papa," nikasema, "dekoda yetu iko na waya ya kwenda mbinguni?"

"Hapana."

"Na Jumapili ilikatika ao haikukatika?"

"Ilikatika."

"Bon."

Papa alishika kopo la sardini akaliangalia muda mrefu, kisha akafanya ishara ya msalaba. "Basi bale batu ni wabaya," alisema. "Mimi nikimukatia muntu deni, simufwate tena sukari yenye iko mu tumbo yake."

Jioni ile nilifika kwa dada mbio, nikamweleza: setilaiti, malipo, kuzimika. Nilichora kwenye majivu ya moto kwa kijiti, dunia hapa, mtambo pale, kopo lake huku. Hata mwalimu wangu wa shule ya jioni, aliyekuwa anatufundisha kwa taa ya mafuta na kikohozi, angelia kwa furaha kuona mchoro ule. Dada aliendelea kukoroga.

"Nani alikuambia?"

"Kila muntu anasema."

"Kila muntu njo nani?"

"Dada, mi niko na diploma."

"Diploma ya dawa?"

"Ya biashara."

Alicheka kidogo, na jioni ile hakumeza kitu mbele yangu. Nilirudi kwangu nimeridhika kwa muda wa hatua tatu. Hatua ya nne hofu ilinishika. Jumamosi shemeji anarudi kutoka machimboni. Vidonge vimezimika. Dada amekwisha kuzika mtoto na kupoteza mume mmoja. Sikutaka awe mgonjwa kwa sababu mtu wa mbali hakulipa abonema. Sikulala. Yaani nililala, lakini vibaya.

Asubuhi nilikuwa nimepata dawa ya dawa. Papa alikuwa ameahidi kulipa dekoda kwa ajili ya mpira mkubwa wa Jumapili. Nguvu ya setilaiti ingeshuka kwenye sahani, ipite kwenye waya, iingie kwenye dekoda. Kopo likiwekwa juu ya dekoda wakati ule, nguvu itashindwa vipi kuingia hata mle? Ilikuwa hesabu iliyonyooka. Jumamosi jioni, shemeji amekwisha kurudi, nikamwomba dada kopo.

Aliniangalia muda ambao mtu angeweza kulima shamba. Shemeji alitaka kusema neno, dada akamgusa goti. Akaenda penye gunia, akatia mkono kwenye mbegu mpaka kwenye kiwiko, akatafuta sana, akatoka na kopo jeupe lenye majivu kifunikoni.

"Uichunge vizuri," alisema. "Usiifungue."

"Siwezi fungua. Inaweza kupoteza nguvu."

Mpira ule sikuutazama. Nilitazama kopo. Watu walipiga kelele, bati lilitetemeka, mchimbaji mmoja aliniuliza ni kitu gani kile juu ya mashine, nikamwambia ni chumvi ya kuzuia radi, akasogea nyuma kwa heshima. Muda wa nyongeza ulipokwisha, kopo lilikuwa na joto kama yai chini ya kuku. Nilikimbia nalo kwa dada nikalitikisa sikioni mwake: cha, cha, cha.

"Imeshika," nikasema.

Alilipokea kwa mikono miwili. "Aksanti, kaka." Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, nikadhani ni machozi ya shukrani. Akalirudisha kwenye mbegu.

Tangu jioni iliyofuata alianza tena kumeza mbele yangu, na mimi nilikula maharagwe kwa amani ya mtu aliyeokoa nyumba.

Kisha vita vilifika. Kwanza malori hayakuja, halafu wachimbaji walishuka mbio, halafu tukasikia silaha nzito upande wa barabara, zikipiga kama mtu anayefunga milango mikubwa moja baada ya nyingine. Mubi ikamwagika msituni. Papa alipakia alichoweza, akanikabidhi dekoda iliyofungwa kwenye shuka. "Huyu ni mutoto wangu," alisema. Kwa hiyo tulikimbia hivi: mimi na dekoda kichwani, shemeji na sufuria kwa sababu pikipiki haikuwa na mafuta, na dada na gunia lake la mbegu mgongoni, amelifunga kwa kitenge kama mtu anavyofunga mtoto.

Tulikaa wiki nyingi kwenye kibanda cha shamba la mtu, ndani kabisa. Mvua ya msitu ule hainyeshi, inahamia. Tulikula mihogo michungu na matunda ambayo nyani wenyewe waliyakataa. Na kila jioni, chakula kiwepo kisiwepo, shemeji alitoa dawa yake mfukoni na dada alitia mkono kwenye gunia, kikombe kimoja.

Mimi nilikuwa na tatizo jipya. Msituni hakukuwa na rezo. Nilipanda miti yote ya Walikale na simu mkononi na sikupata hata mstari mmoja. Kama simu haishiki, kidonge kitashika wapi? Siku ya tatu nikajikaza, nikamvuta shemeji pembeni.

"Shemeki, lala ku upande ya huku, karibu na mimi. Hapa hakuna rezo."

"Rezo ya nini? Unataka kupigia nani?"

"Ile kopo niliichaji ku mpira. Sijue inalinda siku ngapi."

Shemeji alinitazama, kisha akageuza uso haraka, mabega yake yakaanza kutikisika. Dada, ambaye alikuwa amesikia kila neno, alicheka mpaka akaketi kwenye tope. Hatukuwa tumesikia kicheko tangu Mubi. Hata watu wa kibanda cha pili walitoka kuuliza kuna habari gani nzuri.

"Mwache," dada alimwambia mume wake, akijifuta macho. "Anatuchunga."

Nikawachunga. Wao walilala walipolala, na mimi nilisali kwa ajili ya setilaiti.

Tuliporudi Mubi, duka lilikuwa limevunjwa na ukumbi hauna bati. Nilifungua shuka mbele ya Papa kwa heshima, kama mtu anayefungua sanda. Dekoda ilitoa maji, kisha ikatoa siafu. Papa aliiangalia, akaniangalia, akasema, "Aksanti kwa kubeba," akaenda kutafuta misumari.

Dada alikwenda kituo cha afya siku ileile muuguzi aliporudi. Mlango wa kituo ulikuwa umebebwa, kwa hiyo muuguzi aliweka meza nje na pazia la kitenge kwa ajili ya siri za watu. Mimi na shemeji tulingoja barabarani. Shemeji alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili na kuizungusha, kuizungusha, mpaka nikadhani itatoa moto. Hakusema neno. Mimi vilevile sikusema, na wanaonijua watakwambia hilo halijatokea tena.

Alipotoka nyuma ya pazia, alikuwa na kopo jipya mkononi. Alitembea polepole. Alipotufikia aliweka kopo kwenye kofia ya mume wake.

"Damu iko safi," alisema. "Na niko na mimba."

Shemeji aliketi pale pale barabarani, kwenye tope, na dada akamshika kichwa.

Muuguzi alikuwa na makopo machache yaliyosalia, ya wenye mimba. Sasa dada alikuwa upande unaotakiwa wa lile agizo. Lakini muuguzi alimwambia wazi kwamba haya yakiisha, hajui kama mengine yatakuja. Kwenye benchi palikuwa na mwanamke mwingine, naye mume wake anaishi na virusi, naye hana mimba. Tulimwona akiinuka, akishukuru, akienda zake mikono mitupu. Dada alimfuata kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya soko.

Nyumbani nilishindwa kujizuia. Nilisema dekoda imekufa, sawa, lakini ilikufa imemaliza kazi. Nilisema joto lile la muda wa nyongeza ndilo lililotosha msitu mzima. Nilipendekeza mtoto akizaliwa apewe jina lenye setilaiti ndani.

Dada aliinuka bila kujibu. Alitia mkono kwenye gunia, akatoa lile kopo langu, nililijua kwa doa la mafuta ya taa, akalifungua, akalimimina kwenye ungo mbele yangu. Zilitoka mbegu za maharagwe, nyekundu zenye madoa meupe, na majivu kidogo.

"Hii njo ulipeleka ku mpira," alisema.

Niliangalia ungo. "Na vidonge?"

"Vilikuwa chini ya gunia. Nilikuwa nameza kila jioni. Ile jioni ya mchoro wako vilevile, nyuma ya wewe kuenda kwako."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ulikuwa unasema wewe tu."

Shemeji alitazama paa. Dada alianza kuokota mbegu moja moja kuzirudisha kwenye kopo, maana msimu wa kupanda ulikuwa karibu na zile zilikuwa nzuri.

"Muuguzi nilimuuliza ile siku aliniambia wamesimamisha," alisema, bila kuinua kichwa. "Kaka, dawa haina abonema. Nguvu iko ndani ya kidonge, mpaka tarehe yenye imeandikwa ku kopo. Kile walikata ni franga ya kununua ingine."